Supra ya 1989, TEMS imegoma kona moja ya mbele: tupime waya kabla ya kununua kontroli boksi

Mwanzisha uzi, Arusha

Wakuu habarini za saa hizi. Naomba wenye uzoefu na umeme wa magari ya zamani mnisaidie, na hata ambao gari zenu ni tofauti msipite tu, maana hii mifumo inafanana na naona wengi wetu tunaambiwa tubadilishe vitu vizima wakati hakuna aliyepima chochote.

Gari ni Toyota Supra ya 1989, ule umbo wa A70 uliotengenezwa kuanzia 1986 mpaka 1993. Ina shokapu za TEMS. Kwa ambaye hajakutana nazo, huu ni mfumo ambao Toyota walianza nao kwenye Soarer mwaka 1983, juu ya kila shokapu kuna kamota kadogo, hako kamota kanazungusha kijiti chembamba cha chuma kinachoshuka katikati ya shokapu, na kijiti ndo kinafungua au kuziba vitundu vya oili kule ndani, vikiwa wazi gari linakuwa laini, vikizibwa linakaza. Anayeamua ni kontroli boksi, yenyewe inasikiliza spidi, usukani umekatwa kiasi gani, breki imekanyagwa au la, na mafuta umeyakanyaga kiasi gani. Wewe dereva una swichi moja tu ya Normal na Sport. Ukikanyaga breki kwa nguvu inakaza ili pua isizame, ukikata kona kwa spidi inakaza ili gari lisilale.

Sasa shida yangu. Tangu masika iishe kona ya mbele kushoto imekuwa ngumu muda wote. Nikitoka Arusha kwenda Moshi, pale matuta ya Usa River na Kikatiti, upande wa kulia unashuka vizuri ila wa kushoto unagonga mpaka usukani unatikisika mkononi. Shokapu haivuji, bushi zimekaguliwa ziko sawa, tairi upepo sawa. Asubuhi ya baridi ndo inagoma kabisa, mchana wa jua kuna siku inakubali halafu inaacha tena. Kinachonichanganya ni kwamba vitaa vya TEMS kwenye dashibodi vinabadilika vizuri tu nikibonyeza swichi, na fyuzi ni nzima.

Kuna gereji nimepita wakafungua boneti wakaangalia, wakaniambia ninunue kontroli boksi pamoja na shokapu zote nne. Hawakutoa mita. Hizi shokapu mpya hazipatikani kirahisi na gari hili nalipenda, sitaki kulipoteza kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Mdau wa Dar

Mkuu pole. Mi ushauri wangu ng'oa huo mfumo wote, funga shokapu za kawaida, lala usingizi. Gari la miaka zaidi ya thelathini na barabara zetu hizi umeme wa shokapu wa nini?

Mdau wa Njiro

Kabla ya kung'oa, peleka wakapige mashine ya kusoma kodi za hitilafu, itakuambia kifaa gani kibovu ndani ya dakika chache. Hapa mjini ziko nyingi.

Mwanzisha uzi, Arusha

Asanteni wakuu. Wa Njiro, hili gari halina ile soketi ya pini 16 ya kuchomekea hiyo mashine, hiyo OBD2 ilikuja kuwa lazima Marekani kwa magari ya 1996 kwenda mbele na hii ni ya 1989. Lina kile kiboksi kidogo chini ya boneti unachounganisha tundu la TE1 na la E1 halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa, ila hizo ni habari za injini, haziniambii waya wa shokapu ya kushoto umepatwa na nini.

Wa Dar, nakuelewa kabisa na najua wengi wamefanya hivyo. Ila kwangu barabara zetu hizi ndo sababu ya kuuacha mfumo. Naishi Moshono, ukitoka lami kuna kipande cha mawe na mashimo, kwenye Normal gari linapita kwa ustaarabu, halafu nikiingia lami ya kwenda Moshi naweka Sport linatulia kwenye kona. Shokapu moja ya kawaida haiwezi kunipa vyote viwili. Watu waliokaa chini kule Japani wakatengeneza kitu hiki walifanya kazi kubwa, na mi naona kinastahili kutengenezwa.

Fundi umeme, Moshi

Mdogo wangu, umeeleza vizuri sana, laiti wateja wote wangeeleza hivi kazi zetu zingekuwa nusu. Nimeshika umeme wa magari muda mrefu hapa Majengo Moshi, na hizo TEMS nimezikuta kwenye Mark II, kwenye Crown na kwenye Hilux Surf za zamani, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza vile vitaa vya dashibodi usivitegemee. Vinakuonyesha boksi imeamuru nini, havikuonyeshi shokapu imefanya nini. Boksi inasema kaza, taa inawaka, lakini kama amri imeishia njiani boksi haina habari. Kwa hiyo hiyo dalili yako kwangu ni nzuri, maana inaniambia boksi inapokea swichi na inafikiri sawasawa. Na tatu kati ya kona nne zinatii, boksi iliyokufa ingekuwa imeziua zote au angalau mbili. Simwambii mtu boksi haiwezi kufa, ila ni ya mwisho kwenye foleni.

Fanya hivi. Sehemu tulivu, injini isiungurume, fungua swichi ya ufunguo tu. Mtu mmoja akae ndani abonyeze Normal, Sport, Normal, wewe weka kidole juu ya kamota ka mbele kulia, utasikia na utahisi kanagonga kidogo kila akibonyeza. Nenda kushoto fanya vilevile. Kama kushoto kuko kimya, toa vimota vyote viwili vya mbele, ni bolti mbili juu ya shokapu, ila kabla hujatoa chora alama ya kalamu kuonyesha kamekaa upande gani, maana kile kijiti kina bapa na ukirudisha vibaya utaleta ugonjwa mwingine. Ukishatoa, jaribu kuzungusha kijiti cha shokapu kwa vidole au koleo ndogo bila kulazimisha. Kikizunguka shokapu ni nzima. Kikigoma shida ni shokapu na tumeshamaliza.

Halafu badilishana, ka kulia kachomekwe soketi ya kushoto na ka kushoto soketi ya kulia, vikiwa nje mkononi uvione. Ugonjwa ukihama na kamota, kamota ndo kabovu. Ugonjwa ukibaki upande wa kushoto, ni waya. Hiyo haikugharimu hata shilingi. Leta majibu.

Mwanzisha uzi, Arusha

Shikamoo fundi, nashukuru sana. Nimefanya yote leo na mdogo wangu akiwa ndani kwenye swichi.

Kulia kanagonga vizuri, kushoto kimya kabisa. Vijiti vya shokapu vyote viwili vinazunguka kwa vidole, cha kushoto kilikuwa na vumbi gumu juu nikakisafisha kwa brashi kikawa chepesi. Nilipobadilishana, kale ka kushoto ambako nilidhani kamekufa kakachomekwa soketi ya kulia kakazunguka bila shida. Ka kulia kwenye soketi ya kushoto kakatetemeka kidogo, hakakuzunguka. Kwa hiyo ugonjwa umebaki kushoto.

Sasa hapa ndo sielewi. Nilichukua mita nikaiweka pale inapolia pii waya ukipitisha umeme, nikachomoa soketi ya boksi, nikapima waya mmoja mmoja kutoka boksi mpaka soketi ya kushoto, zote zinalia pii. Kama waya unalia si mzima?

Fundi umeme, Moshi

Marahaba. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, wakishasikia pii wanarudi kulaumu boksi, boksi inanunuliwa, gari linabaki vilevile.

Mita nyingi ukiziweka kwenye pii zinalia hata kama kuna ukinzani wa omu kumi au ishirini katikati, na zinapima kwa umeme mdogo mno. Kamota kanataka ampea za kweli kwa muda mfupi sana, boksi inakapiga mara moja kageuke halafu inakata. Waya wenye kutu utapitisha ule umeme kidogo wa mita, ukiutwisha mzigo unanywea. Kale katetemeko ulikoona kanatosha kabisa kuniambia hivyo, umeme ulifika ila umechoka. Kwa hiyo waya haupimwi kwa pii peke yake, unapimwa ukiwa umebeba mzigo.

Chukua globu ya taa ya breki ya wati 21, kwa volti 12 inakula kama ampea 1.75, ni mzigo wa kutosha na hautaunguza waya. Chomoa soketi ya boksi iwe nje kabisa, na vimota vyote vinne vichomolewe, maana nyaya zake nyingine zinakutana huko njiani na zitakudanganya. Toa waya kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 5 kwenye huo waya, usiruke hii hatua, gusa waya unaoupima upande wa soketi ya boksi. Upande wa pili kwenye soketi ya shokapu unganisha globu, mguu mwingine wa globu uende hasi ya betri moja kwa moja. Waya mzima utawasha globu nyeupe kali. Waya mgonjwa utakupa wekundu au giza. Anza na waya za kulia ili ujue nzima inawakaje, ndo uende kushoto.

Angalizo, usisukume msumari wala pini nene ndani ya tundu za soketi, utazitanua halafu uzalishe ugonjwa mpya ambao hutaupata. Tumia waya mwembamba wa shaba. Na huo umeme wa betri usiguse boksi yenyewe hata kwa bahati mbaya, tunapima waya tu.

Mdau wa Sakina

Aisee huu uzi nimeuweka alama. Fundi una moyo, wengine hii wanaificha.

Mwanzisha uzi, Arusha

Fundi, umepatikana ugonjwa! Naandika kwa kirefu ili atakayekuja baadaye asome.

Waya za kulia zote globu iliwaka vizuri. Za kushoto nikaanza mmojammoja, zikawaka sawa na za kulia, mpaka nilipofika kwenye mmoja, globu ikawa na wekundu tu ndani, ule uzi wake unauona umelala mwekundu hautoi mwanga. Nikachukua mita nikaiweka kwenye volti, ncha moja mwanzo wa waya ncha nyingine mwisho wake globu ikiwa bado imeunganishwa, ikasoma volti 7 na kitu. Yaani zaidi ya nusu ya umeme wa betri ulikuwa unaliwa ndani ya waya wenyewe. Nikarudia kipimo hichohicho upande wa kulia, ikasoma sehemu ndogo sana ya volti. Na waya huohuo mbovu kwenye pii unalia!

Nikaacha globu ikiwa imeunganishwa nikaanza kutikisa fungu la waya kuanzia juu ya shokapu nikishuka. Juu hakuna kitu. Nilipofika unapopita nyuma ya madigadi ya kushoto globu ikapepesa, nikiminya inawaka, nikiachia inafifia. Nikainua gari, nikaweka stendi, tairi nje, nikatoa ile plastiki ya ndani ya madigadi.

Udongo uliokuwa mle ni wa kujaza ndoo, ule wa kijivu wa huku kwetu ambao ukilowa haukauki upesi. Nyuma yake fungu la waya limevingirishwa tepu nyeusi ya kawaida siyo ile ya kiwandani. Nimeikata taratibu kwa wembe, gundi imeshakuwa ute, ndani nikakuta waya tatu ziliwahi kukatwa zikaungwa kwa kusokotwa na vidole tu, hakuna risasi ya kuchomelea, hakuna chochote. Mbili zina weusi ila bado zimeshikana. Ya tatu imegeuka unga wa kijani, nilipoigusa ikaachia. Nilipomenya ganda kwenda mbele, shaba ilikuwa nyeusi kwa urefu wa karibu kidole kizima, maji yameingia kwenye muungo yakasafiri ndani ya ganda.

Pembeni hapo bati lina dalili za kunyooshwa na rangi yake si ya kiwandani, kwa hiyo inaonekana gari liligongwa kona hiyo zamani kabla halijafika kwangu, waya zikakatika, aliyenyoosha akazisokota. Zimefanya kazi mpaka maji yalipozimaliza. Na nadhani wanakoosha magari kwa mashine ya presha wamechangia, wakikuona umetoka kwenye tope wanaingiza mdomo wa mashine mpaka ndani ya madigadi na chini ya boneti.

Nimekata waya zote tatu nikarudi nyuma mpaka nilipokuta shaba inayong'aa, nikaunga vipande vipya vya unene uleule, nikachomelea kwa risasi, nikafunika kila muungo na mpira wake wa kusinyaa kwa moto, na nimeipishanisha ile miungo isikae sehemu moja. Fungu zima nimelirudisha kwenye bomba lake la plastiki na kulifunga juu zaidi mbali na maji ya tairi. Nikarudia kipimo cha globu, inawaka sawasawa na kulia. Nikarudisha boksi na vimota kwa zile alama za kalamu, swichi on, dogo akabonyeza, kushoto kakagonga!

Nimeenda mpaka Kikatiti na kurudi. Matuta yote gari linashuka pande mbili kwa pamoja. Boksi ni ileile, shokapu ni zilezile. Fundi Mungu akubariki, sina neno lingine.

Mdau wa Dar

Mkuu hongera, nakubali kwa hili. Swali, zile baridi za asubuhi zilihusikaje?

Fundi umeme, Moshi

Ule muungo ulikuwa umeshikana kwa kugusana tu. Usiku chuma na shaba vinapoa vinasinyaa, umande unaingia, mgusano unapungua. Jua likipiga vinapanuka na kukauka, unapata siku mbili za raha. Gari likiumwa kwa kufuata hali ya hewa mimi huanza na miungo na soketi, sianzi na vifaa.

Mdogo wangu umefanya kazi safi, hasa hapo pa kurudi nyuma mpaka shaba inayong'aa, wengi wanaunga kwenye shaba nyeusi risasi inakataa kushika halafu wanasema risasi ni feki. Chomoa na soketi zote nne za juu ya shokapu, zipulizie dawa ya kusafishia umeme, zikikauka paka grisi kidogo ya silikoni kwenye raba zake za kuzuia maji. Na wakati wa kuosha gari waambie chini ya boneti ni kitambaa tu.

Mdau wa Boma Ng'ombe

Fundi naomba na mimi nisaidike humuhumu. Nina Hilux Surf ya zamani yenye TEMS, yangu imekufa yote, nikibonyeza swichi hakuna taa hata moja na shokapu zote haziitikii. Fyuzi nimeiangalia ni nzima. Kuna mtu kaniambia boksi.

Fundi umeme, Moshi

Kaka, ya kwako ni tofauti na ya huyu bwana. Zikifa zote kwa pamoja tafuta kitu ambacho zote zinakitegemea, yaani umeme unaoingia kwenye boksi na ethi yake, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, hivyo viwili kwanza.

Fyuzi usiiangalie kwa macho, pima volti pande zote mbili za fyuzi ikiwa kwenye kiti chake na swichi imefunguliwa, kuna fyuzi zimepasuka nywele huwezi kuona. Pande zote zikiwa na volti 12, nenda kwenye soketi ya boksi ikiwa imechomekwa, ingiza waya mwembamba kwa nyuma, pima kati ya waya wa ethi wa boksi na ncha ya hasi ya betri yenyewe, siyo bodi, betri. Swichi on, breki ikanyagwe, taa kubwa ziwake. Mita isizidi volti 0.2. Ikisoma nusu volti, au moja, au zaidi, boksi yako inaonewa. Fuata waya huo mpaka unapofungwa kwenye bodi, fungua bolti, piga msasa bati na kichwa cha waya mpaka ving'ae, kaza, paka grisi kwa juu, pima tena.

Ethi ikiwa safi na bado kimya, rudi upande wa chanya, ncha moja kwenye chanya ya betri nyingine kwenye waya wa umeme unaoingia boksi, napo isizidi hiyo 0.2. Kwenye Surf nimeshakuta soketi chini ya zulia upande wa abiria imeoza kwa sababu maji yanaingia kupitia raba ya kioo cha mbele, kwa hiyo inua zulia ushike kwa mkono kama kuna unyevu.

Vikiwa sawa vyote viwili ndo tuzungumze habari ya swichi, na baada ya swichi ndo boksi. Pima kesho ukiwa na mwanga, andika hapa namba ulizozipata kwenye ethi na kwenye chanya, niambie na zulia limelowa au la.